Muuzaji Asiyelia

Jumatatu, 2 Machi

...na jambo jingine, ambalo jana sikulimaliza kwa sababu mume wangu aliniita dirishani tusikilize mvua ya kwanza pamoja, ni kwamba akilala hukunja ngumi kama mtoto mchanga. Nani aliwahi kuniambia kwamba fundi wa friji, mwenye mikono migumu namna ile, hulala hivyo? Hakuna. Mambo matamu ya ndoa watu huyaficha, wanakusimulia magomvi tu.

Tunaishi kwa mama yake mpaka mvua zikatike, maana nyumba tuliyopanga haina bati upande wa chumbani, na fundi anasema hapandi paa lenye utelezi hata umwahidi pepo. Mimi sina haraka. Mama mkwe wangu ni mjane, alikuwa mpishi wa bweni la shule hadi alipostaafu, na jikoni kwake kila kijiko kina mahali pake. Kasoro ni moja: kitanda tulichopewa kinalia. Ukigeuka, kinatangaza nyumba nzima. Asubuhi Mama huuliza, "Mmelalaje?" nami hutamani ardhi inimeze.

Leo mzigo wa Mama umefika. Alikuwa ameona kwenye simu yake mpya jiko la gesi la plate nne, akalipa lote kabla, na hakumwambia mtu ili atushangaze. Kweli tumeshangaa. Mleta mizigo alimkabidhi kiboksi cha kubeba kwa mkono mmoja, akaondoka mbio. Ndani mlikuwa na vishikio vinne vya jiko, vile vya kuzungusha moto uwe mkubwa au mdogo, vimefungwa vizuri ndani ya pamba.

Mama akavipanga mezani kwa mstari.

"Wameanza na hivi," akasema. "Jiko lenyewe linakuja kesho."

Jumanne, 3 Machi

Halikuja.

Jumatano, 4 Machi

Mama ameoga mapema, amevaa gauni la kutokea, amekaa barazani kungoja jiko. Simu ya muuzaji haipatikani. "Yuko njiani, mvua imeharibu mtandao," anasema.

Jioni mume wangu alichuchumaa mbele ya kiti chake (anavyochuchumaa! kama anataka kumchumbia mama yake) akamwambia taratibu, "Mama, umetapeliwa."

"Haiwezekani. Alinipunguzia bei mara tatu. Tapeli gani anapunguza bei?"

Mume wangu akanitazama. Nikajifanya natafuta kiberiti.

Jumapili, 8 Machi

Leo nitaandika mengi maana kifua kimejaa.

Alikuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Kazini kwake hukagua stoo za watu, na nyumbani hutukagua sisi. Hajaketi, akafungua kabati la vyombo, akapitisha kidole juu ya meza, akaona vile vishikio vinne.

"Hivi ni nini?"

Mvua tu juu ya bati.

"Mama, hivi ni nini?"

"Ni mwanzo wa jiko," Mama akasema.

Basi! Wifi alipopata habari nzima alisimama katikati ya sebule kama hakimu. Akasema simu ile irudishwe dukani, Mama anunuliwe ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Tena akasema lile ambalo nadhani alikuja nalo tayari moyoni: Mama ahamie kwake, kwenye chumba cha uani, na nyumba hii ipangishwe. "Leo ni jiko. Kesho atauziwa nyumba hii hii aliyokaa ndani yake, na atapunguziwa bei!"

Mama hakupiga kelele. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akakikunja, akakikunja, mpaka kikawa kama kipande cha sabuni. "Kwako nikiamka nitafanya nini?" akauliza.

"Utapumzika, Mama."

"Nitapumzika nikifa. Hapa nina jiko langu."

"Jiko lenyewe ndilo hili?" Wifi akainua kishikio kimoja.

Hapo Mama akainama, na mimi nikaona machozi yamesimama yakingoja ruhusa. Mume wangu akanigeukia kwa yale macho yake, macho ambayo nikiyaona huwa nasahau hata jina langu. Nikajisikia nasema kwa sauti kubwa, "Wifi, mimi nitamfundisha! Atajua kununua mtandaoni kuliko hata sisi!"

Wifi akanikagua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Haya, mwalimu. Mpaka mvua zikatike. Akitapeliwa mara moja tu, hata kijiko cha chai, simu natwaa na Mama nahama naye. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Kidato cha nne nilipata alama nzuri ya maarifa ya nyumbani. Nitashindwaje?

Jumanne, 10 Machi

Somo la kwanza: namba ya siri. Nikamweleza Mama kwamba namba hiyo haiambiwi mtu yeyote, hata anayejiita wa benki, hata mtoto wako, hata mimi.

"Sawa kabisa," akasema. "Wala mimi simwambii mtu. Nimempa jirani tu anitunzie, maana mimi msahaulifu."

Tukavaa makoti, tukaenda kwa jirani. Jirani naye alikuwa amempa mwanawe, kwa kuwa yeye pia ni msahaulifu. Tumebadilisha namba.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Mume wangu kaleta karanga kwenye mfuko wa shati, zimelowa zote. Nimezila zote. Nampenda.

Alhamisi, 19 Machi

Somo la duka la kweli. Nilimtafutia Mama duka kubwa la mtandaoni, lenye anwani, lenye maoni ya wateja wengi, tena unalipa ukishapokea mzigo na kuukagua. Nikamwacha aandike mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, muda ambao ningepika na kuosha vyombo:

"Habari za asubuhi mwanangu. Umeamkaje? Wazazi hawajambo? Mvua huko vipi? Mimi ni mama mtu mzima natafuta jiko. Naomba unifikirie bei."

Jibu likarudi papo hapo: "Karibu. Bonyeza moja kuona bidhaa. Bonyeza mbili kwa malipo."

Mama akaiweka simu mezani kama inanuka. "Hata salamu hajaitika."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Basi waifundishe adabu kabla ya kuiajiri."

Tukampigia muuzaji wa duka lile, mwanamke. Mama akaomba apunguziwe. Akaambiwa bei ni hiyo hiyo. Mama akakata simu. "Huyo hataki wateja. Yule wangu wa kwanza alikuwa na lugha! Nilisema bei, akasema 'kwa ajili yako Mama'. Nikashusha, akasema 'kwa ajili yako Mama'. Hata marehemu mume wangu hakunisikiliza hivyo."

Nimemsimulia mume wangu usemi huo wa mwisho, amecheka mpaka kitanda kikatangaza.

Jumanne, 24 Machi

Mama amevibandika vile vishikio vinne kwenye vifuniko vya sufuria vilivyokuwa vimevunjika vishikio. Vimekaa utadhani vilizaliwa humo. Anasema pesa yake angalau imerudi robo.

Jumamosi, 28 Machi

Nilitoka sokoni nikamkuta Mama ametulia na simu. "Nimeshinda gari," akasema.

Kapu likanidondoka. Wifi huyo! Chumba cha uani hicho! "Mama! Umebonyeza wapi? Umewapa nini?"

"Sijawapa kitu. Nimewajibu tu." Akanionyesha. Alikuwa ameandika: "Asanteni sana wanangu kwa kunikumbuka. Mimi siendeshi. Mpeni mwingine mwenye shida."

Na wamenyamaza! Nadhani tangu waanze utapeli hawajawahi kukataliwa kwa heshima namna ile.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Wifi amepiga simu kuuliza kama Mama amenunua chochote. Nimesema hapana. Akasema, "Vizuri," kwa sauti ya mtu anayengoja.

Huyu wifi sijui moyo wake umetengenezwa na nini. Mume wangu ni asali, yeye ni ndimu, na ni tumbo moja.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo yamenikuta mimi. Mimi mwalimu.

Nilikuwa nimekiona kitanda. Oo, kitanda! Cha mbao, kichwani kimechongwa maua mawili yanayoelekeana, kama sisi. Nikawaza chumba chetu kikishaezekwa, kitanda hicho katikati, kimya kama usiku wa mwezi, kikilala bila kutangaza chochote kwa mtu yeyote. Bei ilikuwa ya kutupa. Tena nilitaka iwe siri, mume wangu afungue mlango akute! Nikampigia muuzaji. Sauti laini, kijana mstaarabu. Akasema kuna bibi harusi mwingine anakitaka saa hii hii, nitume pesa yote sasa. Nitume wapi? Kwenye namba yake mwenyewe. Nikaanza kuandika namba ya malipo, yeye akingoja hewani. Pesa zenyewe ni zile za zawadi za harusi.

Mama alikuwa pembeni akichambua maharage. Hakuinua uso. "Hujaomba apunguze?"

"Mama, bei yenyewe nzuri mno."

"Bei haiwi nzuri mpaka uikatae. Nipe simu, nikufundishe maana mama yako nadhani aliona haya." Akapokea, akaweka sauti ya juu ili nisikie. "Hujambo mwanangu? Mimi ni mkwe wa huyu. Hicho kitanda nitakupa nusu."

Nikaziba uso kwa mikono. Nusu! Atatutukana!

"Sawa Mama," kijana akasema. "Kwa ajili yako."

Mama akasita. Akaacha maharage. "Nimekosea, nilitaka kusema robo."

"Sawa Mama, tuma robo."

Mama akaitazama simu kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta haukutiwa chumvi. "Mwanangu, mbona hulii?"

"Kulia vipi, Mama?"

"Muuzaji nikimwambia robo hulia. Husema nimemuua. Husema mbao zimepanda, fundi anamdai, mtoto hajaenda shule. Huniambia nikanunue mkeka. Wewe unaniachia tu? Kitanda chako hakikuumi?"

"Mama, tuma tu, mteja mwingine anangoja..."

"Nikikupa bei ya mguu mmoja, utaniuzia chote?"

Kijana akafikiri kidogo. "Sawa."

Mama akamkatia simu. Akarudisha mikono kwenye maharage. Kisha akasema polepole, kama anamwambia mtu mwingine, "Kumbe ndiyo maana. Yule wa jiko naye hakulia hata mara moja. Nilidhani amenipenda."

Nikaitazama ile namba niliyokuwa nimeshaiandika, bado kubonyeza tu. Nikaketi sakafuni. Mama akanisogezea sinia ya maharage. "Chambua," akasema. "Mikono ikitetemeka ipewe kazi."

Jumapili, 12 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu, "Maua mawili yanayoelekeana?" Nikasema ndiyo. Akasema ni mazuri. Nimelia kidogo kwa furaha, halafu kwa aibu, halafu tena kwa furaha.

Alhamisi, 16 Aprili

Somo limegeuka, sasa mimi ndiye ninayekaa na daftari. Nimemwambia Mama, "Tangu mwanzo tulikuwa tunasoma kitabu kichwa chini. Yule mwanamke wa duka aliyekataa kupunguza, unadhani kwa nini alikataa?"

Akanitazama. Macho yakapanuka.

"Mpigie," akasema.

Nikampigia. Mama akaomba jiko la plate nne kwa nusu bei. Mwanamke akasema haiwezekani. Mama akaomba apunguziwe kidogo. Mwanamke akasema Mama, bei ni hiyo hiyo kwa wote. Mama akamwambia yeye ni mjane. Mwanamke akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyeamka na watu kama sisi na atalala na watu kama sisi, akasema hata yeye mwenyewe akitaka jiko pale hapunguziwi.

Mama akafunika simu kwa kiganja, uso umeng'aa kama wa msichana. "Amekataa!" akaninong'oneza. "Mara tatu! Huyu ana jiko!"

Akaagiza. Kulipa ni jiko likishafika na kukaguliwa. Kabla ya kukata simu akamuuliza yule mwanamke kuhusu watoto wake, na safari hii akajibiwa: wawili, hawajambo, mdogo anaota meno.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua ya mawe. Jiko bado. Sina usingizi wala hamu ya kula, kama vile nimelizaa mimi.

Jumamosi, 25 Aprili

Wifi alikuja bila taarifa, kama wakaguzi wote. Hajamaliza kuvua viatu, hodi: mleta mizigo, amelowa chapachapa, na boksi kubwa kifuani.

Wifi akageuka taratibu. "Mama. Umenunua?"

"Sijanunua bado," Mama akasema. "Nimeagiza. Ni vitu viwili tofauti, mwulize mwalimu wangu."

Mleta mizigo akataka pesa aondoke, ana nyumba nyingine za kupeleka. Mama akamwambia, "Pole mwanangu, ingia ukauke. Nafungua kwanza."

"Mama, watu huwa wanalipa halafu wanafungua."

"Mimi nilikuwa mmoja wao. Keti."

Akaketi, na kwa kweli nani angebisha? Mama ameamrisha bweni zima la wasichana linywe uji usio na sukari. Akafungua boksi kwa kisu cha mboga. Akatoa jiko. Akahesabu plate kwa sauti, akatikisa miguu, akalinganisha jina la nyuma ya jiko na lile la kwenye simu, akaunganisha mtungi wa gesi, akanusa, akawasha. Plate ya kwanza, moto wa buluu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikataa.

Wifi akakunja mikono.

"Hii ya nne haiwaki," Mama akamwambia mleta mizigo, bila hasira. "Basi silipi. Funga urudishe."

"Mama, plate tatu si zinakutosha?"

"Zinanitosha. Ila niliagiza nne."

Kijana akapiga simu dukani. Yule mwanamke akasikika akivuta pumzi yake ile, akamwelekeza akague mrija chini ya plate. Kulikuwa na kipande cha plastiki cha kuuzuia usicheze safarini. Wakakitoa. Plate ya nne ikawaka. Mama akaiacha iwake kidogo, aione vizuri, akazima. Ndipo akalipa, akaomba risiti, akampa kijana chai ya moto aliyoichemsha hapo hapo.

Baada ya mgeni kuondoka Wifi akauliza tu, "Na tangu lile la kwanza hakuna aliyewajaribu?"

"Mmoja," Mama akasema. "Tulimkatia simu."

"Alitaka kumuuzia nani?"

"Mimi na mkwe wangu ni kitu kimoja, usitutenganishe."

Sikuweza kunyamaza. "Ni mimi, wifi. Mama ndiye aliyeniokoa."

Wifi akanitazama. Halafu mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akacheka, na jamani, anacheka kama mume wangu! Kichwa nyuma, mkono tumboni. "Basi simu ya vitufe nikununulie wewe, mwalimu!"

Tulipokuwa tunaosha vyombo, wawili tu, akaniambia bila kunitazama: "Wewe umekuja juzi. Baba alianguka humu ndani, Mama akiwa kazini, na sote tulikuwa mbali. Simu ya Mama ikiita bila kupokelewa mimi sikai, silali. Siyo kwamba nataka chumba changu cha uani kijae. Nataka kumsikia akikohoa."

Nilimwita ndimu humu. Ningeweza ningelifuta neno hilo, lakini nimetumia kalamu.

Akaenda kumuaga Mama. "Baki na simu yako. Na nyumba yako. Ila nikikupigia, pokea."

"Nikiwa napatana bei na mtu nitakupigia baadaye," Mama akasema.

Jumapili, 3 Mei

Jua siku nzima. Fundi amepanda paa. Furaha yangu leo ina kona moja inayouma.

Jumamosi, 9 Mei

Tumehama. Kitanda tumenunua kwa seremala wa mtaa wa tatu, tumekikalia, tumekirukia, tumekigeuza. Hakina ua hata moja. Alilia sana kwenye bei, nikajua ni chake.

Mama alitusindikiza hadi njiani. Mume wangu alimkumbatia kwa muda mrefu. Mimi nilimwambia nitakuwa nakuja kila siku mbili tatu kuangalia simu, kumsaidia, asiwe mpweke. Akasema, "Sawa mwanangu," akarudi ndani upesi. Nililia njia nzima.

Alhamisi, 14 Mei

Chumba kinanukia mbao mpya. Mume wangu amelala ameelekea ukutani, ngumi zimekunjwa, na hakuna kinacholia.

Jioni nilimpigia Mama, tayari na sauti ya kumfariji. Nyuma yake nikasikia wanawake wakiongea wote kwa pamoja. "Nani hao, Mama?"

"Jirani, na dada yake, na mstaafu mmoja wa posta. Wananunua. Ngoja kidogo, mwanangu. Wewe! Usitume! Mwambie robo kwanza, tumsikie!"

Nikamwambia tunakuja kesho kumsalimia.

"Kesho nina watu."

"Jumamosi?"

"Jumamosi blanketi la jirani linafika, lazima nikague. Na Jumapili wifi yako Mkaguzi anakuja, anataka nimtafutie pazia." Akasikika akifikiri, kama daktari anayetafuta nafasi. "Wiki hii sina nafasi, mwanangu. Hata ijayo sijui. Mna shida gani?"

"Hatuna shida, Mama. Tumekukumbuka tu."

Kelele za nyuma zikapungua. Nadhani alitoka nje. "Hata mimi," akasema, kwa sauti ya chini. "Nyumba imekuwa kubwa. Lakini ni yangu."

Nikaitikia kwa kichwa kwenye simu kana kwamba ananiona. Kisha nikamwambia ajaze watu apendavyo, aajiri hata karani wa mlangoni, sisi tutakaa foleni na wengine: kabla mwezi huu haujaisha, mimi na mwanawe tutakuwa barazani kwake.